Gunia la Dhahabu Chakavu na Maksai Wetu

Nyumbani kwetu Mwamapalala tunao maksai wawili wa kulimia. Mmoja anaitwa Meneja, mwingine Karani. Meneja hukaa kushoto kwenye nira, Karani hukaa kulia. Ukiwabadilisha hawaendi. Ukimwondoa mmoja, mwenzake anabaki wa kula majani tu. Kwa hiyo mtu akisema anauza maksai mmoja, mimi nasikia anauza kilimo chote cha mwaka huo.

Na mume wangu Nyanda alisema hivyo hivyo. Alisema asubuhi, tunakunywa uji, kama mtu anayesema anakwenda kunyoa nywele.

"Mama Debora, Jumamosi Karani anakwenda mnadani."

Nikamwuliza Karani ana ugonjwa gani. Akasema hana ugonjwa. Nikamwuliza kuna msiba wapi. Akasema hakuna msiba. Nikatazama nje. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, watu wote kijijini wananoa majembe na kukaza nati za plau. Huyu wangu anataka kuuza ng'ombe wa kulimia.

Akachukua simu ya binti yetu Debora, ile ya kupangusa, akanisogezea usoni. Kulikuwa na picha ya gunia limefunguliwa mdomo. Ndani yake vilionekana vibao vya kijani, vile vinavyokaa ndani ya simu na kompyuta, vina michirizi ya manjano inayong'aa. Pembeni kulikuwa na kiganja cha mtu kimeshika kidonge cha dhahabu. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Niliyasoma maandishi yote. Yalisema: Dhahabu chakavu, kilo thelathini, daraja la kwanza. Ichemshe mwenyewe nyumbani upate dhahabu safi. Dawa ya kuchemshia tunakupa. Limebaki gunia moja.

Bei yake ilikuwa bei ya Karani, kasoro kwato.

"Nani kakuonyesha haya?" nikauliza.

"Kasmiri."

Hapo nikaweka kikombe chini. Kasmiri ni mdogo wake, anakaa Lalago. Ni shemeji yangu na ninampenda, lakini jambo lolote jipya likipita barabarani lazima yeye alikimbilie. Kumbe alikuwa ameshauza mbuzi wake wote na kununua gunia la kwanza kwa watu hao hao wa kwenye simu. Alituma hela kwanza, gunia likaja na basi baadaye. Alichemsha kidogo kwa maji ya betri, akapata matope ya kahawia. Dhahabu hakuiona.

Sasa wewe msomaji utasema, basi si angejifunza. Ngoja. Alipowapigia simu kulalamika, wale watu walimjibu kwa upole sana. Walimwambia yeye alinunua daraja la pili, ndiyo maana. Akitaka dhahabu ya kweli anunue daraja la kwanza.

Jibu hilo lingemchekesha mtu wa mahali pengine. Sisi lilituingia. Sisi ni wakulima wa pamba. Tangu utoto tunajua pamba safi ni daraja la kwanza na pamba fifi ni daraja la pili, na bei zake ni mbalimbali. Mtu akikwambia mali yako ni mbovu kwa sababu ni daraja la pili, unanyamaza. Unajua ndivyo dunia ilivyo. Kasmiri alinyamaza, na Nyanda naye akanyamaza, na mwisho wa kunyamaza kwao ukawa ni kumuuza Karani.

Nilisema siku ile mpaka koo likauma. Nyanda akanijibu kwamba sasa ni soko huria, kila mtu anauza anachotaka na mwenye akili ananunua. Nikamkumbusha soko huria lilivyotuingilia kwenye pamba. Walikuja wanunuzi kila mmoja na mizani yake, na kila mizani ilikuwa na tabia yake. Akasema hayo ni ya zamani.

Kesho yake mchana Kasmiri akafika kwa baiskeli, gunia lake limefungwa nyuma kwa mpira. Akanisalimu kwa adabu, "Mwadila, shemeji," halafu bila hata kukaa akaniomba sufuria kubwa.

"Ya nini?"

"Tuchemshe tena kidogo, kaka aone kazi inavyokwenda. Safari hii nimeleta maji ya betri mengi."

Sufuria kubwa ni ile ya ugali. Na mjukuu wangu bado anatambaa, kila anachokiona anakitia mdomoni. Nilimwambia Kasmiri kwamba sufuria yangu haitoki, na hicho kidumu cha maji ya betri kikivuka mlango wangu, atakuwa hana shemeji tena. Akakiacha chini ya baiskeli. Nikamwambia hata hapo hapana, kuku wanapita. Akakining'iniza juu kwenye mti, amenuna.

Wakati tunabishana akaingia jirani yetu Milembe, anarudisha ungo wangu. Milembe alikaa miaka mingi machimboni kule Geita, anaosha dhahabu. Sasa amerudi, analima mpunga na kuuza mchele. Alisimama na ungo mkononi, akanusa.

"Ng'wana Masele," akaniita kwa jina la baba yangu, "nani anamwaga asidi hapa?"

Nikamwambia bado haijamwagwa, wanaomba ruhusa. Akacheka, lakini alipoliona gunia akaacha kucheka. Nikampa kigoda. Nikamsimulia yote, na Kasmiri anaingilia kila mahali kunisahihisha.

Milembe hakumkejeli. Alichukua kibao kimoja akakigeuza geuza. Akasema dhahabu imo kweli, wale watu hawakudanganya hapo, na ndiyo maana uongo wao unaonekana mzuri. Lakini imepakwa juu tu.

"Ni kama rangi ya mlango," alisema. "Ukiukwangua mlango wangu wote, shemeji, utapata rangi ya kupaka nyumba?"

Kasmiri akasema tangazo linasema kilo thelathini.

"Kilo thelathini za nini? Hizo ni kilo za plastiki na shaba na bati. Wamepima gunia, hawajapima dhahabu. Zingekuwa kilo thelathini za dhahabu, mtu angekuuzia kwa ng'ombe mmoja? Angekutafuta wewe wa Lalago?"

Kisha akaeleza kuwa wapo wanaoitoa hiyo dhahabu. Ni viwanda. Wanakusanya mzigo wa kujaza malori, wana mitambo na mabomba ya kunyonya moshi. Mtu wa sufuria anapata moshi unaokula kifua na maji yanayounguza ngozi. Yakimwagika yanakwenda kisimani. Akasema machimboni amewaona vijana wazuri wakichezea dawa za dhahabu kwa mikono mitupu, na leo hawawezi kushika kikombe kikatulia.

Nyanda alikichukua kile kibao akakikwangua kwa ukucha. Mimi nilidhani yamemwingia. Halafu Kasmiri akatoa lile jibu lake.

"Haya yote ni ya daraja la pili. Daraja la kwanza ni kitu kingine. Kaka, wewe unajua pamba."

Na Nyanda akatikisa kichwa kukubali. Mbele ya macho yangu. Maneno yote ya Milembe yakawa yamepita kama upepo. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, na mchuuzi wa ng'ombe alishapewa habari. Nikachoka. Nikasema, kwa hasira tu, wala sikuwa nimepanga:

"Kama ni pamba, basi ichambueni kama pamba. Mimina."

Nikaenda ndani nikatoa turubai letu, lile la kuanikia pamba, nikalitandaza uani. Kasmiri akasita. Akasema mali ya watu haimwagwi ovyo. Nyanda akamtazama.

"Gunia lako hujalimimina tangu lije?"

Kasmiri akasema alikuwa anachota juu juu.

Hilo ndilo lililomwamsha mume wangu. Mkulima wa pamba anajua kuhusu magunia. Tumeona watu wakiweka pamba safi juu, fifi katikati, na mchanga chini, ili mizani iseme uongo. Karani wa kununua pamba haangalii juu tu. Anaingiza mkono mpaka chini. Na Nyanda ndiye mtu ambaye hata kuku hamnunui bila kumnyanyua na kumpuliza manyoya. Akalishika gunia kwa pembe za chini, akalipindua.

Juu vilikuwa vile vibao vya kijani. Katikati vilikuwa vibao vya redio na rimoti za televisheni. Chini kabisa kulikuwa na vitufe vya kompyuta, nyaya, vipande vya vigae, na mchanga. Mchanga mwekundu, si wa kwetu.

Nyanda akakaa chini akaanza kuchambua. Hakuna aliyemwambia. Mikono yake ilizoea. Safi huku, fifi kule. Kibao kisicho na manjano, fifi. Kigae, fifi. Milembe akakaa naye, akawa anamwonyesha vile vilivyokwisha kubanduliwa. Vibao vingi vya juu vilikuwa na mashimo matupu. Vipande vyenye manjano mengi vilikuwa vimeng'olewa na watu wengine kabla ya gunia kufungwa. Waliouza walishakula nyama, wakamuuzia Kasmiri mifupa.

Tulipomaliza, rundo la fifi lilinifika magotini. Rundo la safi Nyanda alilikusanya akalitia kwenye kikombe changu cha chai. Halikujaa.

Kuku mmoja alikuja kudonoa vitufe akaondoka, naye hakuona faida.

Kasmiri akajaribu tena, sauti ikiwa ndogo. "Labda hilo daraja la kwanza..."

"Debora," baba yake akaita, "hebu fungua hilo tangazo la daraja la kwanza. Kuza picha."

Debora akakuza. Nyanda akainama, akalitazama gunia la kwenye simu kwa muda mrefu, kama anavyotazama ng'ombe mnadani. Mdomoni mwa gunia palikuwa pamechanika pakashonwa kwa uzi mwekundu. Akamwambia Debora atafute matangazo mengine ya namna hiyo. Yakaja mengi. Moja lilisema mzigo uko Mwanza, jingine Arusha, jingine Dar es Salaam. Majina ya wauzaji mbalimbali, na bei mbalimbali, moja mara mbili ya jingine. Na gunia ni lile lile, uzi mwekundu ule ule, na kiganja kile kile na kidonge chake.

"Ng'ombe mwenye alama hii sikioni yuko minada mitatu kwa wakati mmoja," Nyanda akasema. "Kasmiri, huyo ni ng'ombe au ni picha?"

Kasmiri akakaa juu ya gunia tupu.

Nyanda akawapigia wale watu papo hapo, sauti imefunguliwa wote tusikie. Akasema anayo hela ya gunia la daraja la kwanza. Yule wa upande wa pili akafurahi, akamwita mzee, akamwita bosi. Nyanda akasema ana ndugu huko huko kwenye mzigo, atakuja alimimine gunia kwenye turubai, alichambue, apeleke kidogo kwa sonara, kisha alipe mkononi.

"Mzee, biashara yetu haiko hivyo. Wateja ni wengi. Tuma nusu kwanza nikushikie."

"Nusu nitatuma likishamiminwa."

Simu ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa. Mpaka leo haipokelewi.

Kasmiri hakutaka kuamini kwa simu tu, na kwa hilo simlaumu, mbuzi walikuwa wake. Kesho yake wakaenda Bariadi na kikombe changu. Sonara akachukua kipande kimoja akakisugua kwenye jiwe lake. Manjano yakaisha kwa msuguo mmoja, ikabaki shaba. Akawaambia hanunui hicho, akawasihi wasije wakachemsha nyumbani. Wakapita kituo cha polisi kuandikisha malalamiko. Debora alikuwa amemkataza mjomba, samahani, baba yake mdogo, asifute meseji hata moja, wala ujumbe wa kutuma hela, kwa hiyo walikuwa na cha kuonyesha. Hela bado haijarudi. Sitawadanganya kwamba imerudi. Vibao wakaviuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mjini, anayepeleka mbele kwa wenye mitambo. Hela kidogo waliyopata, Kasmiri alinunulia sukari, akaniletea, nadhani kwa ajili ya kikombe.

Kidumu cha maji ya betri alikirudisha kwa fundi wa betri aliyemuuzia.

Jumamosi mchuuzi wa ng'ombe alikuja mpaka zizini na kamba mkononi. Nyanda akamwambia arudi nayo. Mvua ilinyesha wiki iliyofuata. Meneja kushoto, Karani kulia, tukalima pamba na mahindi. Tulipomaliza, Kasmiri akaja kutoka Lalago kwa miguu kuomba maksai, maana jirani yake aliyekuwa akimwazima maksai kwa malipo ya mbuzi aliuliza mbuzi wako wapi, akamnyima. Tukampa wote wawili, na nira, na plau. Nyanda akamwambia awarudishe kabla ya palizi na asiwapige picha.

Mimi naandika haya kwa sababu tangazo lile bado lipo. Debora ananionyesha. Uzi mwekundu uko pale pale, na bado limebaki gunia moja. Mwenzangu, likifika kwako, usitume hela mbele. Uliza kilo hizo ni za nini. Tazama kama picha hiyo haiuzwi na watu wengine. Sema gunia limiminwe lote, mbele ya macho ya mtu wako. Na sufuria yako ya ugali usimpe mtu.

Karani yupo. Ukipita Mwamapalala utamkuta zizini, ana sugu ya nira shingoni. Muulize Baba Debora kama anauzwa, halafu rudi uniambie alichokujibu.