Santuri Iliyonenepa

Kwanza uape. Si kwa midomo tu, weka mkono kifuani. Hili halitoki hapa, hata mumeo asilijue, maana mshonaji mwenyewe aliniapisha machozi yakimtoka, nikamwambia, "Mwanangu, kwangu limeingia kaburini." Umeapa? Haya, sogea, ufunge na hilo dirisha.

Ilianza Jumatatu asubuhi, kwenye cherehani. Mshonaji alikanyaga, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, kitambaa kikatokea upande wa pili kimeshonwa vizuri. Ila cherehani haikulia. Akadhani mafua yamemziba masikio. Akagonga meza. Meza ikalia.

Chumba cha nyuma mumewe, fundi redio, alikuwa akisikiliza santuri yake. Hiyo santuri lazima nikueleze. Ni albamu ya metali, ule muziki wa magitaa mazito wa watu wenye nywele ndefu. Kikundi kilitoa hiyo moja kikasambaratika. Fundi aliinunua akiwa kijana, siku ileile ilipotoka, na nasikia wanunuzi wote wa siku ile wangeenea kwenye benchi moja. Magazeti yaliicheka: ngoma hafifu, mwimbaji hana koo. Lakini ukimpelekea fundi pasi yako, hutoki bila kusikilizishwa. "Sikia magitaa mawili yanavyofukuzana, kama mapacha wanaogombea mlango! Sikia besi, farasi huyo!" Mteja anatikisa kichwa, anauliza pasi itakuwa tayari lini. Miaka ishirini hivyo.

Jumanne vifuniko vya sufuria vikaacha kulia. Ukikiangusha kimoja sakafuni, kinatua kama pamba. Jumatano mama yake fundi akaamka anakohoa bila kusikika; kifua kinaruka, mdomo wazi, kimya. Kusema kweli tulishukuru, maana kikohozi kile kilikuwa saa ya kutuamsha mtaa mzima. Lakini mchana ule umeme ulikatika, na bado santuri ikaendelea kupiga. Mshonaji akasogea kwenye mlango wa nyuma. Harufu ya waya unaoungua ikamkaba. Zile ngoma hafifu sasa zilikuwa zinatwanga, tik-tak-tik-tak, na ilikuwa cherehani yake. Upatu ulikuwa vifuniko vyake. Na huko chini kabisa, sambamba na besi, kifua cha mama mkwe wake kilikuwa kikikohoa kwa mapigo.

Santuri inanenepa, nyumba inakonda.

Tangu hapo akamfunga mtoto wake wa miezi mitatu mgongoni, akawa hamshushi. Kila mara alimfinya kidogo, alie, apate kujua sauti bado ipo.

"Ni wewe," mama mkwe akamnong'oneza. "Umetuletea jini kwenye hivyo vitambaa vya watu."

"Mama, shusha sauti, linasikia."

"Niishushe ya nini, wakati kesho huenda sina?"

Alhamisi saa nne asubuhi wakamleta mganga. Na sisi majirani tukaja kuazima chumvi, wote saba kwa pamoja. Fundi akatoka nyuma, mpole, akatusalimu mmoja mmoja, akamwambia mkewe, "Nipe mtoto, mama, umhudumie mgeni." Akampa. Nani asingempa? Baba yake huyo.

Mganga akaweka sikio ukutani mpaka jasho likamtiririka.

"Huyu hataki damu wala ubani," akanong'ona. "Anataka sauti. Na hazichukui mwenyewe, anapelekewa. Yuko mtu humu anayemlisha ili huo muziki upendwe."

Mshonaji akashika mdomo. "Lakini mimi naupenda, baba. Yeye akitoka, mimi huuweka nikashona nao. Ule wimbo wa tatu, magitaa yakipanda pamoja, mguu wangu hausubiri ruhusa."

"Na yeye ulimwambia?"

"Nimwambie avimbe kichwa?"

Mganga akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, ungemwambia. Sasa kimebaki nini? Albamu hiyo bado ina upungufu gani?"

Hata sisi wa chumvi tulilijua jibu, koo, limebaki koo, na mshonaji akawa ameshainuka, kiti kikaanguka bila kishindo, akakimbia na sisi nyuma yake, na kila hatua tuliyopiga ilitoka miguuni mwetu bila mlio, na ile harufu ya waya ikazidi mpaka macho yakatuwasha, na mganga akausukuma mlango kwa bega, mlango ukafunguka kimya, na sote, mama mkwe, mganga, majirani saba na mama wa mtoto, tukamwona fundi amepiga magoti mbele ya kitanda, mkono wa mashine ya santuri ameuvuta mpaka waya zake zimekazana, na ile sindano yake ndogo ameishikilia juu ya midomo ya mwanawe, na mtoto amekunja ngumi, uso mwekundu, mdomo wazi, analia kwa nguvu zake zote bila kutoa hata pumzi ya sauti, wakati kwenye spika, juu ya magitaa mawili, koo moja linapanda, linapanda, safi, refu, zuri kuliko lolote nililowahi kulisikia.

Mama mtu akapiga yowe. Mungu atusamehe sisi wengine, miguu yetu ilikuwa ikifuata ngoma.

Fundi akageuka, sindano bado mkononi, akatuona tulivyosimama.

"Si niliwaambia?"