Shahidi wa Houssein

Shakila alifika kituo cha mabasi cha Gitega amechelewa, mtandio mweupe umemteleza hadi mabegani, cherehani imefungwa ndani ya kitenge cha kijani. Basi dogo la Muyinga lilikuwa karibu kujaa.

"Iyo cherehani itakaa wapi, dada?" dereva akauliza.

"Weka mbele karibu yako. Mi nitakaa nyuma."

"Hapana. Yenyewe ikae nyuma, we ukae mbele. Cherehani haiongei."

Abiria wakacheka. Shakila naye akacheka, ingawa hakutaka.

Ulikuwa mwaka 2001, na vita vilikuwa bado vinaendelea barabarani. Dereva aliitwa Houssein, kijana mrefu, shati lake limenyooka kwa pasi. Kabla hawajafika Muyinga alishajua kwamba msichana huyu ni binti wa Nassoro, fundi nguo wa mtaa wa Yoba, na kwamba mashine ile anampelekea shangazi yake Mwajuma. Mwezi haukuisha, akawa anampigia simu kila Ijumaa kwenye duka la jirani.

"Roho yangu, umekula?"

"Nimekula. We unaendesha pole pole?"

"We uko Gitega, mi nitaendeshaje pole pole?"

Mwezi wa nane basi lake lilishambuliwa njiani. Houssein alitoka mzima. Mama aliyekaa kiti cha mbele alifariki. Houssein alimwambia Shakila tu kwamba yuko hai, asilie. Hakumwambia kwamba tangu siku ile mikono yake hutetemeka kila akishika usukani, wala kwamba huituliza kwa urwagwa, pombe ya ndizi aliyoificha chini ya kiti.

Novemba, akitoka Muyinga, polisi walimsimamisha karibu na Gitega. Wakaandika kwamba amelewa, na leseni ikafutwa.

"Wamenionea," alimwambia Shakila. "Lini umeniona na pombe?"

"Hata siku moja."

"Basi naenda korti. Permis yangu waliyoifuta itarudi."

"Siku ile si ulikula kwa shangazi kule Muyinga? Mi nilikuwepo, nimekwenda kumtembelea. Ulikunywa chai tu. Nitakuwa shahidi wako."

Houssein angeweza kumkataza pale pale. Akamshika mkono, akasema asante.

Siku ya kesi Shakila alivaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe. Jaji alisoma maandishi ya polisi, akamwita. Shakila akainua mkono wa kulia.

"Naapa..."

"Mheshimiwa, asiape!" Houssein alikuwa amesimama. "Nilikuwa nimelewa. Nilikunywa njiani. Yeye hajui kitu."

Jaji akalikataa ombi lake: miaka miwili bila leseni.

Nje, Shakila alitembea haraka mpaka kwenye ukuta wa korti, akageuka.

"Sikutaka uape uongo," Houssein akasema.

"Umenizuia mkono uko juu tayari. We ulijua tangu Novemba."

Hapo ndipo Houssein alipomweleza habari za yule mama wa kiti cha mbele, alivyokuwa akiita jina la mwanawe mpaka sauti ikaisha, na jinsi pombe ilivyoanza. Shakila alilia naye. Alimfuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Ungeniambia haya, mi ningekaa na mlevi, nikamuuguza," akasema. "Lakini uliniangalia usoni ukaniacha nivae vizuri, nije hapa. Huyo wa kunificha ndiye ninayemwogopa."

Akaondoka peke yake kuelekea Yoba.

Houssein alikwenda Buhinyuza, upande wa Muyinga, kulima shamba la baba yake mdogo. Pombe hakuionja tena. Miaka miwili ilipotimia, alirudishiwa leseni. Siku hiyohiyo, akiwa Muyinga, aliomba simu dukani akapiga lile duka la jirani Gitega, wakamwita Shakila.

"Shakila? Ni mimi. Permis imerudi."

"Al-hamdulillahi," akajibu. "Na ile kitu?"

"Niliacha. Toka siku ile."

"Nimefurahi, Houssein. Kweli. Mi nimeposwa. Harusi ni mwezi ujao."

"Unampenda?"

"Ananiambia kila kitu," Shakila akasema. "Hata yanayoniumiza."

Laini ikakatika. Mwenye duka alinyoosha mkono kudai simu yake, lakini Houssein aliendelea kuishika sikioni.