Miche Saba Kabatini

Siku tatu kabla ya Idi Kubwa ya mwaka wa thamanini na tatu, habta ya Ibra, Oman, ilijaa hata mtu hana pa kuweka mguu. Habta ni lile soko la kununulia mbuzi na nguo za Idi, na wenye mbuzi huwazungusha duara huku wanunuzi wamesimama ukingoni. Fakhriya alikuwa hapo na bibi yake, Bi Khole. Msichana amevaa buibui la hariri, chini yake gauni la zambarau, na viatu vya kisigino vinavyozama vumbini. Mara akahisi anavutwa. Kutazama, mbuzi mwekundu ameshika pindo la buibui lake anatafuna.

"Mbuzi wako anakula nguo yangu," alimwambia aliyeshika kamba.

"Ana jicho la kuchagua."

"Mwambie ateme."

"Hasikii Kiswahili. Huyu kazaliwa Mintirib."

Fakhriya alitaka kukasirika akashindwa. Kijana alikuwa mrefu, kanzu yake nyeupe ina doa la grisi mkononi, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara.

"Wewe wa wapi?"

"Tabora. Na wewe wa Unguja, maana umekasirika kwa adabu."

Bi Khole alimnunua mbuzi yule yule. Kijana akampeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwao, akasema shikamoo, akanywa maji, akaondoka. Jina lake Abdullatif, fundi wa umeme, ana duka la mafeni na globu pamoja na rafiki yake Marzouq.

Fakhriya alikuwa akimpigia taipu mudiri, yaani mkuu, wa ofisi moja ya serikali, na mezani pake palikuwa na simu. Tangu Idi ile, kila saa nne asubuhi simu ililia.

"Ofisi."

"Naulizia buibui langu."

"Lako tangu lini?"

"Tangu mbuzi wangu alipolionja. Umekula nini leo, roho yangu?"

"Nimekula kazi. Weka simu chini, mudiri anakuja."

"Mwambie mudiri umeme wake nitaukata."

Miezi sita ikaenda hivyo. Abdullatif akakodi nyumba ndogo pale pale Ibra, vyumba viwili na ua, akampa Fakhriya ufunguo wa pili apime mapazia. Kwenye chumba cha kulala palikuwa na kabati la ukutani, dogo, mtu akiingia anagusa huku na huku. "Hili lako," alimwambia. "Utie kanga zako na hasira zako."

Halafu asubuhi moja simu ililia na sauti haikuwa na mzaha.

"Naenda Samail siku tatu, kwa ammi yangu, nduguye baba."

"Kuna nini?"

"Jambo la nyumbani. Nikirudi nitakwambia."

Siku tatu zikapita, ikapita wiki. Fakhriya akapiga simu dukani. Marzouq akasema, "Yuko Sur, dada, anatia umeme jengo jipya. Mimi sijui zaidi." Siku ya kumi Shukriya, anayekaa naye meza moja ofisini, alirudi kutoka Samail kwa shangazi yake. Alikaa, akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Sema," Fakhriya akamwambia.

"Abdullatif kaenda kwa ammi yake na siniya ya halwa. Wazee wamekaa. Kahawa kanywa mbele yao, dua ikasomwa. Ammi yake ana binti, anaitwa Wadha."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona kwa dirisha. Kahawa kanywa, Fakhriya."

Kwa watu wa Unguja hapakuwa na la kuuliza tena. Halwa, wazee, kahawa, dua: hiyo ni posa, na imekubaliwa. Fakhriya hakulia. Alitia karatasi kwenye taipu akapiga barua ya mudiri bila kosa hata moja. Ila moyoni alisema: huyu simwachi hivi.

Ufunguo ulikuwa kwenye pochi yake. Nyumba ilikuwa tupu, na mkataba una jina la Abdullatif peke yake. Kabati lilikuwa dogo na lina mlango unaofungwa. Kidogo kidogo fikra ikaja, akaikaribisha. Akikutwa mtu na mti wa bangi chumbani mwake, kazi imekwisha, jina limekwisha, na hakuna ammi wa Samail atakayempa binti mfungwa.

Akanunua daftari jipya. Akaandika upana wa kabati, shubiri sita. Akaandika: taa, kwa sababu jua halifiki. Makopo ya maziwa, udongo wa bustani, kitambaa cha kuziba mwanga chini ya mlango. Maji, baada ya Alasiri. Hajapata kupanda hata mchicha, lakini aliandika kama mtu anayeandaa harusi. Mbegu alijua pa kuzipata. Marehemu babu yake kule Unguja alifuga chiriku, na chakula cha ndege kilichotoka Bara Hindi kilichanganywa na mbegu za bangi. Akaenda sokoni akanunua mfuko wa chakula cha ndege, akaketi sakafuni akachambua moja moja, kama mtu anayechambua mchele wa wageni.

"Umefuga ndege?" Bi Khole aliuliza.

"Nataka kufuga, Bibi."

"Tundu liko wapi?"

"Litakuja."

Bi Khole alimtazama kucha, zina udongo, akaendelea na ushoni wake.

Miche saba ikaota. Kila Alasiri Fakhriya alipitia nyumba ile na pazia mkononi, akafungua kabati, mwanga wa globu ukampiga usoni. Aliwanywesha maji wale saba akizungumza nao. "Kueni," aliwaambia. "Kueni mumwone bwana harusi." Marzouq alikuwa amesema Abdullatif atarudi Jumamosi. Basi Jumamosi saa nne, saa ile ile ya simu zake, ndiyo aliyoipanga kuwapigia polisi.

Saa nne ilifika. Shukriya alikuwa ametoka. Fakhriya akanyanyua mkono wa simu, akazungusha namba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidole kikasimama. Alikumbuka sauti inayomwambia "umekula nini leo." Akajilaani, akaweka mkono wa simu chini apumue kidogo, aanze tena. Simu ikalia chini ya kiganja chake.

"Ofisi."

"Nipo nyumbani," alisema Abdullatif. "Nimefika sasa hivi. Unajua kilichonikaribisha? Mita. Nyumba tupu, mita inazunguka kama feni."

Fakhriya aliutazama mlango, Shukriya bado hajarudi.

"Nikafuata waya, nikafungua kabati. Mimi nimekulia Tabora, Fakhriya. Mmea huu siuulizi jina. Na funguo ziko mbili."

"Ndiyo."

"Ulitaka nifungwe miaka mingapi?"

"Mingi."

"Kwa kosa gani?"

"Muulize mkeo Wadha."

Akamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Sikiliza. Wadha ni bint ammi yangu. Niliahidiwa tangu tunatambaa. Huku bara ya Oman mtu haoi kwengine mpaka ammi amfungue. Nilikwenda kuomba kufunguliwa. Na huku, mwenye ombi akiwekewa kahawa hainywi mpaka akubaliwe. Nimekaa siku mbili na kikombe mbele yangu sikigusi. Wazee wananitazama. Ya tatu ammi akasema, nenda, umefunguliwa. Ndipo nikanywa, wakasoma dua."

"Shukriya alikuona unakunywa."

"Aliona. Nilikunywa kwa ajili yako, si ya Wadha."

Fakhriya alishika ukingo wa meza.

"Na wiki tatu za kimya?"

"Sharti la ammi. Nisiseme neno kwa yeyote mpaka Wadha naye aposwe, asije akaitwa mwanamke aliyeachwa. Kaposwa juzi, na Marhoun wa Nizwa. Leo ndiyo siku yangu ya kwanza ya kusema, nikampigia mtu wangu."

"Na kwa nini hukuniambia zamani kama una bint ammi?"

"Niliogopa utaniacha kabla sijafunguliwa."

"Nilikuwa nishazungusha namba tatu za polisi."

"Basi tumshukuru Mungu kwa zilizobaki," alisema, na sauti yake haikuwa na kicheko. "Miche nimeing'oa, nimeitia chooni. Lakini sasa na mimi nina langu moyoni, Fakhriya. Usinipigie."

Simu ikakatika.

Jioni ile Fakhriya alimweleza Bi Khole yote, hakuacha hata chakula cha ndege. Bi Khole alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Kata kucha," alisema. "Ijumaa baada ya sala tutakwenda."

Walikwenda kwa Mahfoudha, shangazi yake Abdullatif. Fakhriya alivaa buibui lile lile, pindo limeshonwa palipotafunwa. Mahfoudha alileta tende, akamimina kahawa. Bi Khole alikunywa yake. Fakhriya alipokea kikombe, akakiweka mkekani mbele yake.

Abdullatif alikuwa pembeni anafungua feni mbovu. Alikiona kikombe. Akamgeuzia mgongo, akaendelea na bisibisi yake.

Muda ukapita. Mahfoudha akazungumza habari za Mwanza alikoishi zamani, Bi Khole habari za Unguja. Nzi wakatua kwenye tende. Abdullatif akaifunga feni, akaifungua tena, na wote waliona kwamba ilikuwa imeshapona zamani. Alasiri ikaadhiniwa, akaenda kusali, akarudi. Kikombe kipo pale pale.

"Una ombi gani?" aliuliza hatimaye, bila kugeuka.

"Unisamehe." Akaweka ufunguo kando ya kikombe. "Na huu wako."

"Mimi nilikaa siku mbili."

"Nami nitakaa."

Akageuka, akamtazama sana.

"Nimekusamehe nusu," alisema. "Nusu ya pili nitaila taratibu. Kila utakaponichelewesha chai, nitakuuliza habari za kabati. Mpaka tuzeeke. Ufunguo rudisha pochini."

"Hiyo posa au hukumu?" Bi Khole aliuliza.

"Vyote viwili, Bibi. Wazee wangu watakuja kwako Jumatano."

"Na mimi nina nusu yangu," alisema Fakhriya. "Ya Wadha. Hukuniambia."

"Iweke. Kabati lina nafasi sasa." Akaikokota feni mpaka karibu na mkeka, akaiwasha. "Kunywa."

Fakhriya akanyanyua kikombe. Kahawa ilikuwa baridi na chungu, na unga wake umekaa chini. Alikunywa yote. Huku Oman mtu akitosheka hukitikisa kikombe, mwenyeji akajua asimimine tena. Fakhriya hakukitikisa. Alimnyooshea Abdullatif kikombe, akangoja.