Mkoba wa Ngozi Hauna Ng'ombe

Fundi mikoba alikuwa akishona mkanda wa begi. Chini ya meza, binti yake mdogo aliongea na vipande vya ngozi. Kwa mdomo wake huo, nyumbani walimwita Chiriku.

Dada wa mkewe akabisha hodi. Alifanya kazi kwenye maabara ya chanjo.

"Shemeji, leo si siku ya chanjo ya Chiriku? Mbona mmekaa?"

"Haendi," alisema fundi. "Nimesikia chanjo hiyo ni vifuko vya bakteria. Mfuko wa mchele una mchele. Sasa mfuko wa bakteria una nini?"

Mkewe, aliyekaa pembeni, alitikisa kichwa. Mtoto wa jirani aliugua homa ya uti wa mgongo, na sasa hasikii. Fundi aliogopa homa hiyo, lakini sindano ya kuikinga aliiogopa zaidi.

Shemeji aliinua mkoba mmoja. "Huu ni mkoba wa nini?"

"Wa ngozi ya ng'ombe."

"Na ng'ombe mwenyewe yumo ndani?"

Mkewe aliangua kicheko. Fundi akajikuna kichwa.

"Basi ndivyo ilivyo," alisema shemeji. "Ngozi ya bakteria hutoa vipovu, ndivyo hivyo vifuko ulivyosikia. Sisi tunachukua vipovu hivyo tu. Bakteria mwenyewe hayumo, kwa hiyo havizaani. Tena wataalamu hubadilisha maelekezo yaliyo ndani ya bakteria, ngozi yake ikaota alama za vijidudu vya aina nyingi. Alama tu. Walinzi wa mwili wakiona kifuko kimoja, wanajifunza sura za maadui wengi."

"Alama mnazishona vipi?"

"Hatushoni, shemeji. Bakteria anazitengeneza mwenyewe."

"Na kifuko kina ukubwa gani?"

"Panga elfu moja kwa mstari. Havifikii unene wa uzi wako."

Fundi aliutazama uzi, mdomo wazi. Miaka yote alijiona bingwa wa mifuko. "Kumbe kuna ufundi duniani!" alisema. "Mama Chiriku, mvalishe mtoto viatu."

Chiriku alilia alipochomwa sindano. Usiku alipata joto kidogo, kama shemeji alivyowaambia, na kesho yake likaisha.

Miezi ikapita. Homa ya uti wa mgongo ikaingia shule ya chekechea, na watoto wawili wakalazwa. Kila asubuhi fundi aligusa paji la uso la binti yake. Halikuwa na joto. Hofu ilipokwisha mtaani, alikaa kando ya kitanda, machozi yakimlengalenga.

"Mwili mdogo hivi," alimwambia mkewe, "na maadui wote wale unawajua kwa sura."