Risasi za Kasha la Pili

Jumamosi hiyo, kama Jumamosi nyingine zote, Tupokigwe alikwenda mtoni mara tatu kabla jua halijapanda. Alijaza mtungi, akafagia uwanja, akawapa kuku pumba. Kisha akambebea baba yake uji mpaka uwanja wa shabaha, nje ya kijiji cha Mkwajuni. Shingo ilikuwa inamuuma.

Baba yake, Sadoki, alikuwa askari wa wanyama. Kazi yake ilikuwa kufukuza tembo mashambani, na ikibidi, kuwapiga. Siku hiyo Fundi Yonasi alikuwa amekuja kutoka Mbeya na mashine ya kupima mwendo wa risasi, kwa kuwa makasha mawili ya risasi yalikaa masika yote katika ghala linalovuja.

Fundi alisimamisha viunzi viwili vya mbao mbele ya bunduki, kimoja futi ishirini baada ya kingine. Kila kiunzi kilikuwa na waya mwembamba uliounganishwa na mashine. Risasi ikikata waya wa kwanza, saa ya mashine ilianza. Ikikata wa pili, saa ilisimama. Risasi nzuri ilisoma kumi, yaani sehemu kumi kati ya elfu za sekunde. Ikizidi kumi na moja, ilikuwa imelegea.

"Risasi iliyolegea haimwangushi tembo," Fundi alimweleza Tupokigwe. "Inamkasirisha tu. Halafu anamtafuta aliyempiga."

Msaidizi wa Fundi alikuwa na homa, basi Tupokigwe, mwanafunzi wa darasa la nne, akaombwa kushika nafasi yake. Baba alipiga. Bunduki ilipokwisha kuwekwa chini, Tupokigwe alikwenda kufunga waya mpya, akarudi kuandika hesabu. Akaenda, akarudi. Risasi kumi na mbili za kasha la kwanza zote zilisoma kumi.

Adhuhuri, wanaume walipokuwa wakila, mbuzi alikiangusha kiunzi cha pili. Fundi alikuwa amesema kiunzi kikiguswa kipimwe upya, lakini utepe wa kupimia ulikuwa garini, na miguu ya Tupokigwe ilikuwa mizito. Akakisimamisha pale alipodhani kilikuwa. Hakumwambia mtu.

Kasha la pili nalo likasoma kumi.

Mama Ketrina, ambaye tembo walikuwa wamekula nusu ya shamba lake, alikuwa amekaa pembeni akingoja. "Sadoki, unatoboa hewa tangu asubuhi. Au unangoja tembo wangu wazeeke?"

"Wazeeke kidogo tu, dada," Sadoki alijibu. "Nakuja sasa hivi."

Kasha la kwanza lilipangwa kupelekwa kijiji cha Saza, hivyo Sadoki akafungua la pili. Alizifuta risasi kwa kitambaa, akazipanga moja moja katika mkanda wake. Tupokigwe aliwaza juu ya tembo aliyekasirika, akaweka kalamu chini.

"Baba, usiende nazo," alisema. "Kiunzi kilianguka. Nilikirudisha kwa macho."

Sadoki aliacha kupanga. Fundi alikwenda garini. Alileta utepe, akapima. Futi kumi na sita.

"Njia imekuwa fupi," alisema, "ndiyo maana risasi ilionekana ya haraka."

Ikabidi waanze upya, na jua lilikuwa kali. Tupokigwe aliinuka kufuata waya, lakini baba yake alikwisha kuushika. "Kaa, mwanangu. Wewe andika tu." Akawa anapiga, anakwenda kufunga waya mwenyewe, anarudi.

Kumi na tatu. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Sadoki aliziondoa zote katika mkanda, akachukua risasi za kasha la kwanza. Mama Ketrina alifungua kanga yake, akatoa hindi la kuchoma, akamwekea Tupokigwe mapajani. "Kula. Bado lipo moja tembo hawakulifikia."

Tupokigwe alilia kimya kimya huku akitafuna. Fundi Yonasi akaketi chini karibu naye, akanyoosha miguu yake yenye vumbi.

"Kuchoka si kosa," alisema. "Hata mimi nimechoka. Ukichoka, sema, nasi tutangoja. Lakini usiandike kitu usichokipima, maana kuna mtu atakiamini na kukiendea porini. Leo umesema mapema, na baba yako atarudi nyumbani."

Jumapili, kabla ya ibada, Sadoki alirudi. Tembo walikuwa wamevuka mto na kuyaacha mashamba. Aliinamisha kichwa, akasema amechoka, akaomba maji ya kunywa, na Tupokigwe akamletea.