Batri Iliyosema Mia

Mgeni alitokea katikati ya soko la maziwa la Burungu, koti lake la mvua limejaa matope, kompyuta kuukuu mgongoni. Umuhoza, kitenge cha buluu kiunoni, alikuwa akipanga madumu.

"Dada, kwa Papa Ladislas njo wapi?"

"Weye muntu wa wapi?"

"Walikale. Naitwa Samy. Nasikia batri yake iko na shida."

"Njo baba yangu. Fata mi, lakini usimwange maziwa yangu."

Papa Ladislas alipumua kwa mashine ya oksijeni. Umeme ukikatika, batri ya nyumbani iliiendesha mashine hiyo, ila hakuna aliyejua imebaki na chaji kiasi gani. Samy akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake, chaji ikatokea kwa asilimia kwenye kioo, akaiacha kompyuta pale.

Wakapendana. Kila mchana Samy alimpigia Umuhoza simu.

"Sheri, batri inasema nini?"

"Mia. Na mi hauniulize?"

"Weye nilikuona mia tangu sokoni."

Jumapili moja, mvua ikinyesha, umeme ulikatika. Kioo kilisema mia. Mashine ikazima. Umuhoza alimpepea baba yake kwa mfuniko wa sufuria, midomo ya mzee ikigeuka rangi, mpaka umeme uliporudi.

Samy alipofika, Umuhoza hakumpa mkono.

"Ulisema mia!"

"Kompyuta njo ilisema..."

"Weye njo uliniambia niamini! Rudi kwenu."

Samy akapiga magoti, akashika waya. Ulikuwa umelegea. Batri iliacha kujibu zamani, na programu aliyoiandika mwenyewe iliendelea kuonyesha jibu la mwisho, mia.

"Kosa ni langu," akasema. "Ijae usiku huu. Kesho nitaiwashia taa, niipime mpaka taa izime. Nitakuambia ukweli, hata kama iko mubaya."

Kesho hiyo gari lilikuwa likienda Bisie, alikopata kazi mgodini baada ya kuisubiri tangu amalize chuo. Asiyefika, nafasi yake angepewa mwingine.

Asubuhi, waya akiwa ameukaza, alikaa mbele ya taa, namba zikishuka kwenye kioo. Honi ikalia barabarani.

"Nenda, Samy. Nitaangalia mi."

"Nilisema mpaka izime."

Honi ikalia tena, kisha mngurumo ukapotelea kilimani. Umuhoza akaketi kando yake. Taa ikafifia, ikazima.

"Haifikishe hata nusu saa," Samy akasema. "Iko mubaya sana, Umuhoza."