Pedi ya Pili

Fundi alichomeka pedi moja tu ya kuchezea, lakini kwenye televisheni walitokea watoto wawili.

Akaguna. Mambo ya waya haya, akajisemea, akakagua bodi yake ya FPGA. Chipu yake haina kazi maalumu. Ukiipangia, inageuka mashine yoyote uitakayo. Yeye aliipanga iwe mashine ya zamani ya gemu ya marehemu binti yake.

Ile mashine iliungua binti akiwa kitandani na homa. "Baba, umeshaitengeneza?" aliuliza kila jioni. "Kesho, Bibi Mdogo." Naye hujibu, "Sawa, baba. Kesho." Redio za wateja zilitangulizwa. Wiki tatu zikapita, mtoto akafariki, na Fundi hajajisamehe mpaka leo.

Sasa ameupakia mchezo wake kutoka kwenye kaseti yake ya gemu iliyosalimika, palepale alipoishia. Yule mtoto wa pili akakimbia hadi langoni, akaruka mara mbili papo hapo, ndipo akaingia. Bibi Mdogo ndivyo alivyofanya siku zote. Alisema anabisha hodi.

Mkewe aliacha kukunja nguo. "Usizime," akanong'ona. "Mume wangu, nakuomba usizime."

Tangu siku hiyo mama hakubanduka kitini. Sebule ikanuka shuka la mgonjwa mchana kweupe, vitufe vikasikika vikibofywa na pedi iko mezani haijaguswa, na kila aliporuka mtoto wa kwenye kioo mama naye alicheka kidogo, chakula hataki, vidole vimemwia baridi, mashavu yakibonyea siku hata siku mpaka Fundi akaogopa kumtazama usoni.

Akamwita shangazi yake, mganga. Bibi yule alinusa mlangoni, akakataa kukaa.

"Huyu si mjukuu wangu," alisema chinichini. "Ni jini. Umemjengea nyumba inayogeuka chochote, halafu ukamwekea ndani mchezo wa mtoto. Ufute, mimi nisome, atatoka. Ukichelewa, utamzika na mkeo."

"Shangazi, ndicho kitu pekee cha mikono yake kilichobaki."

"Najua, mwanangu. Futa."

Fundi akakiweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Mkewe alimwangalia tu, kama mgonjwa anavyowaangalia wageni wakiaga wodini. Pale langoni mtoto alikuwa amesimama, anasubiri.

Miaka miwili tangu msiba Fundi alijizuia kulia mbele ya watu. Sasa akalia kwa kwikwi, kidole kikatelezea pembeni.

"Kesho, shangazi," akasema. "Nitafuta kesho."

Shangazi akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Kwenye kioo mtoto akaruka mara mbili. Na pale kitini mkewe, macho yakiwa bado kwenye televisheni, akajibu kwa sauti nyembamba isiyo yake:

"Sawa, baba. Kesho."